Mdogo Wangu Alimpa Kosa Mkuu wa Shule

Mdogo wangu anafundisha kemia sekondari, na nisipomsifu mimi nani amsifu: hapo shuleni hakuna anayemfikia. Mimi niliishia darasa la saba, yeye nikamsomesha kwa cherehani.

Lakini mwaka juzi alichoka. Miaka tisa kazini, hata ahsante hajasikia. Maabara imegeuzwa stoo ya viti vibovu. Akawa anaingia darasani, anasoma notsi za zamani, kengele ikilia yuko mlangoni. Mjomba akamwahidi kazi dukani kwake kuanzia mwezi uliofuata.

"Bora niuze mabeseni, dada. Beseni halinipigii miayo."

"Na wewe unafundisha kama unasoma tangazo la msiba! Wakupigie nini, vigelegele?"

Akanuna. Nikamwacha anune.

Ndipo akaja mkuu mpya wa shule, mama mfupi asiye na makelele. Badala ya kumwita ofisini amgombeze, aliingia darasani kwake, akakaa dawati la nyuma, akaandika, akafanya zoezi, akakusanya daftari lake pamoja na madaftari ya wanafunzi.

Jioni mdogo wangu kanitolea macho, kalamu nyekundu mkononi. "Dada, swali la tatu amekosa. Nimpe kosa mkuu wa shule?"

"Kwani cheo kinajibu kemia? Mpe!"

Akampa. Kesho yake mkuu akapanga foleni na wanafunzi mlangoni pa ofisi ya walimu, kaleta masahihisho. Karibu darasa zima walikosa swali hilo hilo. Mdogo wangu akaishiwa ujanja. "Kosa si lenu," akawaambia. "Mimi sikufundisha, nilisoma."

"Unahitaji nini ili ufundishe, mwalimu?" mkuu akauliza.

Miaka tisa hakuna aliyemuuliza hivyo. "Maabara."

Jumamosi tulitoa viti, mimi, yeye, na mkuu mwenyewe kajifunga kitambaa kichwani. Tangu hapo usimguse! Anaandaa masomo huku anaimba, na wanafunzi wanamfuata mpaka getini wakibishana.

Mwezi ulipoisha mjomba akatujia asubuhi. "Haya mwanangu, twende dukani."

"Tafuta mtu mwingine, mjomba. Leo wanafunzi wangu wanatengeneza oksijeni."

"Hewa? Si imejaa tele hapo nje?" Akanigeukia. "Na wewe dada mtu, umenyamaza tu?"

"Niseme nini? Huyo ni mwalimu, mjomba. Mpishe mlangoni, asichelewe kipindi."