Daftari Tupu Kutoka Rombo

Marehemu babu yangu alirudi kutoka vita vya Burma na masikio mabovu na hadithi za rafiki mmoja, Mmaasai aliyefia huko. Alimwita Rombo tu, kwa sababu kwao ni Rombo. Tulipomuuliza jina kamili, alijifanya hasikii. Sisi wajukuu tukacheka: mzee amesahau! Sasa kanisa letu la Noonkopir, hapa Kitengela, linaandika ubao wa wanajeshi wa Kajiado waliokufa vitani, nami Kyalo nikaapa Rombo hataingia pale bila jina.

Saa kumi na moja asubuhi niliondoka. Emali nikanywa chai, Loitokitok nikapanda boda boda, na vumbi likanipaka mpaka nyusi. Saa saba mchana, wazee wa soko la Rombo wakanielekeza kwa binti wa yule askari, bibi wa miaka themanini na kitu ambaye hakuwahi kumwona babake.

"Takwenya, kokoo," nikamsalimu kwa Kimaasai, kama mjukuu kwa nyanya, nikiinamisha kichwa aniguse.

"Iko. Wewe ni Mkamba," akaitikia aliposikia lafudhi yangu. "Mnasalimia vizuri mkitaka kitu."

Nikatoa daftari. "Nataka jina la baba yako, liandikwe kanisani."

"Hapa kwetu mtu akishakufa, jina lake halitajwi. Na wewe unataka kulipaka rangi?"

"Lakini kokoo, atasahaulika!"

"Nani amesahau? Mimi sikumwona na sijasahau. Babu yako alimwita nani?"

"Rombo. Jina lenyewe alikataa kutuambia. Tulidhani limempotea."

"Walilala handaki moja, na asijue jina? Alijua. Alimheshimu baba yangu mpaka akaingia kaburini. Nyinyi ndio hamkuwa na adabu."

Lo! Nilichapwa bila kiboko. Babu, nisamehe.

Akanimiminia chai, kisha akauliza polepole, "Alisema alikuwa mtu wa aina gani?"

Nikamsimulia jinsi babake alivyowaimbia nyumbu wa jeshi waliobeba mizigo nyimbo za ng'ombe, mpaka sajini akamfokea, naye akaendelea kuimba. Kokoo alicheka, akafuta machozi kwa shuka.

"Rudia," akasema. Nilirudia mara tatu.

Usiku nililala Loitokitok, kesho yake nikarudi Kitengela na daftari tupu. Ubaoni, chini ya majina marefu ya wenzake, tumeandika Rombo, basi. Mchungaji aliniuliza kama nilisahau kuuliza jina kamili.

Nilijifanya sisikii.