Sukari ya Akko

Mwaka huu nilirudi mtaa wa Chechelesi, kwenye nyumba nilimolelewa na Akko. Ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kiborana. Siku hizi anakaa humo shangazi. Aliweka thermosi mezani, akauliza, "Ya sukari ama bila?"

"Bila," nikasema.

Majuzi daktari alikuwa ameniambia kwamba mimi pia nina ugonjwa wa sukari. Nilimjibu "sawa," kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa, nikachukua koti nikatoka.

Swali hilo la shangazi, rafiki yangu, halikuulizwa enzi za Akko. Sukari ilipikwa humo humo kwenye sufuria, pamoja na majani na maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, mpaka chai ikawa nzito na kugandisha midomo. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kupepea jiko. Mpita njia akisema salaam aleikum mlangoni, Akko alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua kikombe. Kumpa mgeni chai isiyo tamu ilikuwa sawa na kumwambia aende zake.

Mgeni wa kila siku alikuwa jirani, mama Mmeru aliyeuza mboga sokoni. Ndiye aliyegundua kwamba Akko anakonda, tena anakunywa maji kama aliyetoka safari. Akampeleka hospitali, nami nikafuata ili nitafsiri pale Kiswahili cha Akko kingekwama.

"Mama, sukari yako imepanda sana," muuguzi akasema.

"Imepanda kila duka," Akko akajibu. "Sisi tufanye nini?"

Muuguzi alicheka, kisha akaeleza taratibu. Sukari ya chai ni sehemu tu. Wali, ugali, chapati na tende nazo hugeuka sukari zikiingia mwilini. Ale kidogo kidogo, aongeze mboga na maharagwe, wala asimeze vidonge halafu akakaa na njaa. Nilitafsiri yote. Akko aliitikia kwa kichwa, lakini alichobeba kwenda nyumbani ni neno moja: sukari. Akaanza kujipikia chai yake kando, bila sukari, halafu kwa kujiliwaza akajipakulia mlima wa wali, na tende juu yake. Kila tuliporudi kupima, sukari kwenye damu ilikuwa vile vile.

"Nimeacha sukari," alilalamika, "yenyewe haijaniacha."

Jioni moja alikuwa ameketi karibu na jiko akimsimulia jirani habari za ngamia wake aliyepotea zamani, kabla familia yetu haijahamia mjini. Nikasikia harufu ya ngozi inayoungua. Nilitazama chini nikaona kaa la moto limebanwa kati ya mguu wake na sakafu. Akko bado alikuwa anaeleza jinsi ngamia alivyotembea. Jirani alipiga kelele na kumvuta mguu. Akko akautazama kama anautazama mguu wa mtu mwingine.

"Sijasikia kitu," alisema polepole.

Sukari ilikuwa imeutia mguu ganzi, na kidonda kilikataa kupona. Hospitali wakamkata vidole viwili vya mguu. Aliporudi, jirani alianza kuja na mafungu ya mboga za sukuma na kunde, akasimama kando ya sufuria mpaka zikaiva.

"Haya ni majani ya mbuzi," Akko alisema.

"Basi leo wewe ni mbuzi wangu, mama. Kula."

Alikula. Wali ukawa kiganja kimoja, mboga zikajaza sahani, na maziwa ya ngamia akayanywa matupu. Alisema hivyo ndivyo alivyoishi malishoni akiwa msichana, kabla ya duka, kabla ya gunia la sukari. Sukari kwenye damu ikashuka. Akaishi miaka mingi, akaniona nikimaliza shule na kuoa. Chai ya wageni iliendelea kuwa tamu. Hakuionja tena, bali aliwatazama wakinywa, akitaka kujua kama imewakolea.

Nilipomaliza kikombe nilimuuliza shangazi jirani yuko wapi. Akasema watoto wake walimchukua wakaenda kuishi naye Meru. Siku ya kuondoka alikuja kuaga. Lakini siku hizi kuna ukuta na geti la chuma, na mlio wa televisheni ndani. Alibisha, akaita, akangoja juani. Shangazi aliambiwa baadaye na watu wa kioski kwamba mama mmoja mzee alisimama pale muda mrefu, kisha akaweka mkono kwenye geti, akaenda.

"Hatukumsikia," shangazi alisema.

Nilijua hilo ni jambo la kuhuzunisha. Nikakaa nikingoja huzuni ifike, lakini sikusikia kitu. Nje watu walikuwa wakipita na kupita, na hapakuwa na aliyesema salaam aleikum.