Mshahara wa Chumvi

Leo nacheka, lakini siku ile hapa mjini Baraka sikucheka.

Nafundisha Kiingereza. Nilikuwa nimeapa kwamba mwaka huu prime, ile pesa ambayo wazazi huwachangia walimu, lazima ipande. Mkutanoni niliona haya kuomba waziwazi, basi nikajivika usomi. Nikawaambia wazazi kwamba "salary", neno la Kiingereza la mshahara, limetoka kwenye neno la Kilatini la chumvi. Hapo ningenyamaza. Mimi nikaongeza kwamba askari wa Roma walilipwa chumvi yenyewe, jambo ambalo hata wasomi hawana hakika nalo, tena askari hao wakafurahi! Nikapiga meza: "Nami sitaki makubwa. Nipeni kama askari wale!"

Wakanipigia makofi mpaka nikawapungia mkono kama waziri.

Jumatatu nikaitwa mbele ya wanafunzi wote. Nilivaa koti langu la harusi. Mama Riziki, msemaji wa wazazi, ambaye hukausha samaki kando ya ziwa, akaja na bamama wawili wamebeba gunia.

"Mwalimu, tuliikala, tukasikilizana," akasema. "Mushahara ya basoda bale ba Roma njo hii. Ya mwezi muzima."

Nilikuwa nimeomba mwenyewe, kwa hiyo sikurudi nyuma. Nikainamisha kichwa, wakanitwika. Nikaanza kutembea, shingo wima, kumbe gunia lina tundu, na chumvi inachuruzika nyuma yangu.

Darasa langu zima likapaza sauti:

"Mwalimu, salary iko namwangika!"