Siku Tulipoitwa Wananchi

Harufu ya muhogo unaovundishwa hunipata popote ninapokwenda, na kila inaponipata najikuta nikiinamisha kichwa kama mtu aliyeitwa jina mbele ya darasa. Senta yetu, kimji kidogo cha maduka, iko kandokando ya barabara kati ya Malaba na Busia, mwendo mfupi tu kutoka mtoni ambako Kenya inaishia na Uganda inaanza. Nilipokuwa mdogo, wanawake wa pale walimenya muhogo, wakaulundika na kuufunika majani kwa siku kadhaa mpaka ukaota ukungu mweusi, kisha wakaukwangua na kuuanika juu ya magunia pembeni mwa lami. Uchachu wake ulipanda pamoja na moshi wa malori yaliyokuwa yakielekea mpakani, na vyote viwili vikaingia katika sare zetu za shule, katika blanketi, katika nywele. Mimi nilikuwa nikitambua gunia la Mama Amoit kwa pua tu, maana yeye alichanganya muhogo wake na mtama kabla ya kuupeleka kusagwa, na unga wake ulikuwa na rangi ya udongo wa kichuguu.

Mama Amoit alikuwa Mteso, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kumfanya dereva wa lori ageuke. Nyumba yake ilikuwa kwenye mwinuko juu ya shule yetu, upande wetu wa mto, lakini shamba aliloachiwa na mumewe lilikuwa ng'ambo. Hilo halikuwa jambo la ajabu. Nusu ya watu wa pale walikuwa na kitu ng'ambo: shamba, dada, kaburi la babu. Mama Amoit alivuka kabla jua halijachomoza, akapalilia, na sisi tulipokuwa tukienda shule tulikutana naye akirudi kutoka upande wa mto na kikapu kichwani, nguo zikiwa zimelowa umande mpaka magotini. Alitusalimu kwa Kiteso, na asiyejibu alifuatwa na maneno mpaka kwenye kona.

Mama yangu aliuza nguo za mitumba sokoni, hatua chache tu kutoka pale Mama Amoit alipouzia unga wake. Soko letu wakati huo lilikuwa uwanja mtupu. Mvua ya alasiri ilipoanza, na kwetu mvua hiyo haikosi, mama alifunga nguo zake katika turubai na kusimama juu ya matofali mawili huku matope yakipita chini. Mdogo wangu alipozaliwa, mama alilazwa hospitali ya Kocholia kwa wiki mbili, na baba alikuwa safarini na lori kama kawaida yake. Mama Amoit ndiye aliyenichukua. Nililala kwake siku hizo zote, kwenye mkeka mmoja na wajukuu wake wawili. Mpaka leo nakumbuka kwamba mlango wake haukufungika mpaka uuinue kidogo kwa mguu, na kwamba aliamka kuangalia kama tumejifunika. Nayasema haya ili ieleweke kwamba nilijua vizuri sana mwanamke huyo alikuwa akilala wapi.

Nilipofika darasa la sita, baraza la mji lilianza kujenga banda la bati sokoni. Ilikuwa miaka ya tisini, nchi nzima ilikuwa ikizungumzia vyama vingi, na ghafla kila uchaguzi ukataka kanuni, hata ule wa kamati ya soko. Kamati hiyo ndiyo ambayo ingegawa nafasi chini ya bati, na kila mtu aliona kwamba nafasi hazingetosha. Wawili walijitokeza kugombea uenyekiti: Mama Amoit, na mama yangu. Hawakugombana. Waliendelea kukopeshana chumvi na kutaniana. Lakini nyumbani mama alikuwa amepata kikohozi kisichokwisha, na nilimsikia akimwambia baba kwamba akikosa nafasi chini ya bati, mvua nyingine ya masika itamzika. Nililibeba neno hilo shuleni kila siku kama jiwe ndani ya mkoba.

Baraza likatuma kamati yake ya madiwani kuja kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu kanuni hizo. Kanuni zilikuwa tatu: kwamba mgombea awe anajua kusoma na kuandika, kwamba kura zipigwe kwa sanduku badala ya watu kupanga mstari nyuma ya mgombea, na kwamba asigombee wala kupiga kura mtu asiyelala upande huu wa mpaka. Siku yenyewe ilikuwa ya soko. Wauzaji hawakuweza kuacha bidhaa zao, na wachache waliokuja walichelewa. Madiwani walikuta ukumbi una viti vitupu, na kikao bila watu hakingeweza kuandikwa kuwa kimepokea maoni ya watu. Basi likafanyika lililokuwa likifanyika siku zote wageni walipokuja: mwalimu mkuu akaambiwa alete darasa la sita na la saba. Tulitembea wawili wawili mpaka ukumbini, tukakalia viti vyote, na kitabu cha mahudhurio kikapita mikononi mwetu. Niliandika jina langu kwa mwandiko wangu bora kabisa. Kila aliyeandika jina alipewa soda na nusu mkate. Wauzaji walipofika walikuta tumejaa, wakabaki nje wakichungulia madirishani. Ndani walikuwa wagombea wawili tu na wazee kadhaa. Mwalimu wetu alikuwa ametuagiza jambo moja: akiinua mkono, nasi tuinue.

Kanuni mbili za kwanza zilipita kabla hatujamaliza mkate. Ya tatu iliposomwa, diwani aliyekuwa mwenyekiti, mtu mnene mwenye koti la kijivu, alimgeukia Mama Amoit.

"Wewe mama, watu wanasema unatoka Uganda."

"Watu gani hao? Waje hapa mbele tuonane."

"Unalala wapi?"

"Kwangu."

"Kwako wapi?"

"Mheshimiwa, unataka kunitembelea?" Madirisha yakalipuka kwa kicheko. "Nalala hapo juu ya shule. Shamba ndiyo iko ng'ambo. Na shamba haijaomba kupiga kura."

Hata madiwani walicheka. Nadhani kama angeachwa hapo angeshinda. Lakini diwani aliomba kitambulisho, naye hakuwa nacho, kilikuwa kimeungua pamoja na nyumba yake ya zamani, na naibu wa chifu ambaye angemthibitisha hakuwapo siku hiyo. Nje mtu mmoja alipiga kelele kwamba anamjua. Diwani akasema walio nje hawako kikaoni, hawajaandika majina. Kisha akatazama ukumbi, safu kwa safu za sare za bluu, akauliza, "Kati ya wananchi waliomo humu ndani, kuna anayejua huyu mama anatoka wapi?"

Nilisimama. Hakuna aliyenisukuma. Nimejaribu kwa miaka mingi kukumbuka mkono uliokuwa mgongoni mwangu, na haukuwapo. Niliona bati jipya, nikaona mama amekaa chini yake hajalowa. Nikasema, kwa sauti safi niliyofundishwa kukariri mashairi, "Kila asubuhi tukienda shule tunakutana naye akitoka ng'ambo."

Lilikuwa kweli tupu. Hilo ndilo linalonichoma. Ningekuwa nimedanganya, labda ningeungama mapema, kwa sababu uongo una mahali pake pa kuungamia. Mimi nilitoa kweli moja ili kuficha nyingine. Nilipomtazama Mama Amoit, hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akimtazama mama yangu, akimngoja. Mama alikuwa ameinamisha uso, akikunja na kukunjua ncha ya leso yake.

"Mtoto huyu ana sababu gani ya kudanganya?" diwani akauliza. Akamwagiza karani aandike jina langu, darasa langu, na maneno yangu yote, kisha akamtaka asome alichoandika ili kila mtu asikie. Karani akasoma. Mwalimu akainua mkono. Mikono yote ya darasa la sita na la saba ikapanda, mingine bado imeshika chupa za soda, na wangu ulikuwa miongoni mwake. Ikaandikwa kwamba wananchi walijitokeza kwa wingi na wakaikubali kanuni hiyo. Mama Amoit akafutwa, pamoja na wengine waliokuwa na mashamba ng'ambo na hawakuwa na karatasi za kuonyesha. Mama yangu akapita bila kupingwa.

Kesho yake asubuhi nilitaka kupitia njia ya nyuma, lakini wenzangu walinivuta kwenye njia ya kawaida. Mama Amoit akaja, na kikapu kichwani, umande mpaka magotini. Wenzangu walimsalimu kwa Kiteso. Mimi niliangalia chini. Akasimama mbele yangu.

"Nafula. Siku hizi husalimii?"

Nikasalimu.

"Wewe usiogope. Wewe ni mtoto, umeongea ya mtoto," alisema. "Mimi nilikuwa nangoja mama yako aongee." Kisha akapanga kikapu chake vizuri na kwenda zake. Hakuniambia lingine, siku hiyo wala siku zilizofuata. Banda lilipofunguliwa, mama alipata nafasi katikati kabisa, mahali ambapo hata mvua ya upepo haikumfikia. Mama Amoit aliuza nje ya bati msimu mmoja. Nilimwona kutoka ndani, amejifunika gunia kichwani, unga wake umefunikwa kwa sufuria. Mama alimwita mara moja aje ajikinge. Akajibu kwa mzaha kwamba Waganda hawaogopi maji, na watu wakacheka, na mama naye akajaribu kucheka. Msimu uliofuata alihamia Kocholia kwa binti yake, na nyumba ile juu ya shule ikabaki na mlango wazi, hakuna wa kuuinua.

Nilimaliza kidato cha nne nikaondoka. Nimeishi Eldoret, Mombasa, Kampala, na sehemu nyingine ambazo sikukaa hata mwaka. Nimeuza nguo, nimepika hotelini, nimetunza wazee wa watu wengine. Katika kila mji ninaofika huanza kuusifu mji niliouacha, na juu ya yote huisifu senta yetu: mvua yake, madereva wake wa kila lugha, Wasomali wa duka la kona waliotupatia tende wakati wa Ramadhani. Wanaonisikiliza huniuliza kwa nini basi sirudi. Huwajibu kwa mzaha kwamba miguu yangu haijui kukaa. Kocholia si mbali. Mara zote nilizokwenda nyumbani kumwona mama ningeweza kupanda bodaboda asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Sikwenda. Kisha mama akanipigia simu nikiwa Mombasa, akanieleza habari za mahindi na za kanisa, na mwishoni kabisa akasema, "Yule Mama Amoit amepumzika." Nilisikia kikohozi chake kile kile. Kisha akasema simu inakaribia kuzima, na sijui kama ilikuwa kweli.

Mwaka jana nilikuwa nyumbani ilipotangazwa kwamba kamati nyingine inakuja kupokea maoni kuhusu kanuni za uchaguzi wa kamati ya soko. Mambo yamebadilika sana, na ni haki kusema hivyo. Siku hizi sheria yenyewe inataka wananchi wasikilizwe. Tangazo lilibandikwa mapema na kusomwa redioni. Hakuna wanafunzi walioletwa. Kulikuwa na kipaza sauti, maji ya chupa, na afisa kijana mpole aliyemwita kila mtu dada au mzee. Nilimwambia mama twende pamoja. Akasema, "Nenda tu, mimi miguu inauma." Nilikaa safu ya nyuma, na kipaza sauti kilipopita nikakishika kabla sijajiandaa.

"Naitwa Nafula," nilisema. "Nilipokuwa darasa la sita, katika ukumbi huu, niliambia kamati kwamba Mama Amoit hutoka ng'ambo kila asubuhi. Alikuwa akitoka shambani. Alikuwa akilala hapa, juu ya shule. Mimi nililala kwake wiki mbili. Nilijua, nikanyamaza, na alikosa nafasi yake kwa sababu yangu."

Afisa alipekua karatasi zake.

"Huyo mama yuko hapa leo?"

"Alifariki."

"Pole sana, dada. Sasa hiyo tuiweke chini ya kanuni gani?"

"Weka kwa mengineyo, boss!" mtu akasema kutoka nyuma, na watu wakacheka, si kwa ubaya. Wengi walikuwa vijana. Hakuna aliyemjua Mama Amoit.

"Andika tu," nilisema.

Akainama akaandika. Kikao kilipokwisha nilikwenda mezani nikaomba nione. Sikuwa na shaka naye. Nilitaka tu kuliona jina lake limeandikwa upande huu wa mto. Siku ile ya utoto wangu karani aliandika sentensi yangu neno kwa neno, na jina langu, na darasa langu, ikasomwa ukumbi mzima usikie. Safari hii, kwa mwandiko mzuri wa kijana aliyesoma kuliko mimi, ilikuwa imeandikwa: Mwananchi mmoja alitoa maoni. Akanipa kalamu na kunionyesha mahali pa kutia sahihi. Nyuma yangu foleni ilikuwa imeanza kujipanga. Nikatia sahihi.