Kidole Kisichopakwa Hina

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Muheza, Karani Mkuu alinipa kalamu mbili, ya bluu na nyekundu, akanikalisha nyuma ya dirisha la mapokezi. "Ya bluu ni ya mgonjwa," akasema. "Nyekundu ni ya makosa yako. Bluu ikiisha kabla ya nyekundu, tutaelewana." Nikaapa moyoni kwamba ile nyekundu itakauka bila kuguswa. Wiki ile ile nikamwandikisha mzee mmoja wa Kibondei kwenye daftari la wajawazito.

Nyinyi mnaoanza kazi leo mmeikuta bima ya afya mezani kama chumvi. Sisi tuliiona ikizaliwa. Ilipofika kampuni iliyoanzia mkoani kwetu, ambayo watu waliiita Bima tu, mimi nilikuwa nimehamishiwa zahanati moja ya Pongwe. Huko ndiko nilikojifunza madai. Fomu ya madai ni karatasi inayoiambia Bima nani katibiwa, anaumwa nini, kapewa dawa gani. Kila ugonjwa una namba yake, na ukikosea tarakimu moja, mwenye malaria anageuka kuwa kavunjika mguu. Matroni wa pale alikuwa akisoma kila fomu kwa sauti kabla haijatoka. "Karatasi hii inakwenda kuonana na watu wasiotujua," alikuwa akisema. "Ivae vizuri."

Kituo changu cha mwisho kilikuwa kituo cha afya cha binafsi kwetu Tongoni, nami nikiwa karani wa madai. Bosi wangu alikuwa Mganga Mfawidhi, Msambaa mpole aliyeogopa barua kuliko alivyoogopa kipindupindu. Kufikia hapo Bima ilikuwa imeukamata mkoa mzima. Kwenye foleni yetu, asiye na kadi ya Bima ulimtambua kwa jinsi alivyokaa kinyonge. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili hamfundishwi chuoni. Ukiwa na machungwa yako Muheza na lori lililokuja ni moja, bei anaitaja mwenye lori. Ndivyo tulivyokuwa. Bima ikisema dawa hii tusitoe, hatutoi. Ikikiondoa kituo kwenye orodha ya vituo vyake, kituo hicho kimekufa, hata kama daktari wake ni hodari namna gani.

Ndipo ikaletwa mashine ya alama za vidole. Mgonjwa anaweka kidole, mashine ikimtambua anatibiwa. Ikimkataa, tunajaza fomu ya msamaha, Mganga anatia saini, anatibiwa hivyo hivyo. Hata mimi nilikuwa naifungua kwa kidole changu kila asubuhi.

Mtu wa kwanza kukataliwa alikuwa Mwanahawa, mkulima wa mwani na mpakaji hina maarufu wa kijiji. Ikamkataa mara tatu. Nami, Mungu anisamehe, nikamuuliza mbele ya foleni nzima, "Kadi hii ya nani?"

"Bi Zaina," akasema taratibu, "mimi nimekupaka hina siku ya harusi yako. Leo waniuliza mimi nani?"

Nikamjazia fomu ya msamaha nikiwa nimenuna. Nilikuwa na hakika kaazima kadi. Kalamu nyekundu ilistahili kunichoma mkono siku ile.

Fomu za msamaha zikarundikana, ikaja barua. Mkaguzi wa Bima aliandika kwamba kituo chetu kina misamaha mingi kuliko vituo vyote vya pwani, na kwamba huzidi baada ya Idi na misimu ya harusi. Kwa hesabu zake, wageni wa harusi walikuwa wanatibiwa kwa kadi za wenyeji. Tulipewa wiki mbili kujieleza, la sivyo tutoke kwenye orodha. Mganga akaisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

"Bi Zaina, tukifunga, akina mama hawa watajifungulia wapi?"

Nikaikunja barua, nikaenda nayo nyumbani. Nililia jikoni kwangu, sioni haya kusema. Kituo kilikuwa kinakufa mikononi mwangu, na jina langu linakufa nacho.

Ndani ya wiki mbili hizo nilikuwa namwoza binti yangu, na mambo ya harusi hayangojei barua. Tangu nifiwe na mume wangu sikuwa nimegusa hina, lakini mama wa bibi harusi hakai mikono mitupu. Akaja Mwanahawa, kwa uungwana wake, akanipaka hina na piko, ncha zote za vidole zikaiva nyeusi. Kilibaki kidole kimoja tu, cha mwisho cha kushoto, kwa kuwa nilikikata kwenye pingili nikikuna nazi na kilikuwa kimefungwa kitambaa.

Jumatatu nikarudi kazini. Nikaweka kidole kufungua mashine. Ikanikataa. Nikabadilisha, ikakataa. Vidole tisa, mashine ile ile iliyonijua miaka, ikaniambia hainifahamu. Nikafungua kitambaa, nikaweka kile cha mwisho. Ikafunguka.

Nilipiga kelele mpaka Mganga akatoka mbio na kipimo cha presha mkononi. "Hina!" nikamwambia. "Mganga, ni hina!" Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye barua yenyewe, baada ya Idi na misimu ya harusi, na sisi watu wa pwani hatukuliona. Nani huiona hina? Ni kama kuuona mkono wako.

Siku hiyo hiyo tukaenda mjini, ofisini kwa Bima. Meneja wa Mkoa alitupokea na Mkaguzi wake pembeni. "Shikamoo mama," akasema, na kabla sijakaa sawasawa, "Mashine haina ndugu. Haimpendelei mtu."

"Marahaba, mwanangu. Iweke hapa mezani hiyo mashine yenu."

Nikaweka kidole gumba. Ikakataa. Nikaweka cha shahada. Ikakataa.

"Mimi ni nani?" nikamuuliza.

"Bi Zaina wa Tongoni."

"Una hakika? Au nimeazima vidole vya mgeni wa harusi?"

Mkaguzi akainama kutafuta kitu kwenye mkoba wake, na sidhani kama alikipata. Nikaweka kile kidole kisichopakwa, jina langu likatokea lote na picha yangu. Nikaona nisimalizie hapo. "Mwanangu," nikamwambia, "nyinyi ndio lori pekee, tunajua. Lakini kikundi cha wakulima wa mwani kilinunua kadi zenu kwa sababu sisi tupo hatua chache kutoka nyumba zao. Mkitufuta, kadi hizo mtawauzia ili watibiwe nazo wapi, ufukweni?"

Meneja akacheka kicheko cha mtu aliyeshindwa kihalali. Barua ilifutwa. Kanuni ikabadilishwa kwa vituo vyote vya pwani: mashine ikikataa, karani ajaribu vidole vyote kumi, na picha ya kadi ikubaliwe. Vituo vidogo vilivyopata barua kama yetu vikapona pamoja nasi. Nilirudi Tongoni kifua mbele, nikaenda moja kwa moja kwa Mwanahawa kumwomba radhi. Akasema yamekwisha, ila nimletee sukari. Nikampelekea.

Tangu siku hiyo, mwanamke wa Tongoni akipakwa hina, kidole cha mwisho cha kushoto huachwa kitupu. Kinaitwa kidole cha Bima. Hata mabibi harusi wanakiacha.

Mwaka huu nimestaafu. Watu huniuliza kazi ya karatasi ina fahari gani. Nawaambia waende wakasikilize watoto wanaolia pale wodi ya wazazi. Jioni ya kuagwa kwangu, Mwanahawa alikuja na bakuli lake, akanipaka vidole tisa, akafika cha mwisho akasita.

"Kipake na hicho," nikamwambia.

"Na ukiumwa kesho, Bi Zaina? Mashine itakukataa."

"Ikatae. Dirishani pale wananijua."