Unga Uliofunikwa Chemchemini

Nilipokuwa mtoto, katika milima ya Umatumbi nyuma ya Kilwa, niliamini kwamba maji yana mwenyewe, na kwamba mwenyewe huyo huweza kukubali au kukataa kama mtu yeyote anayeombwa kitu chake. Sikumbuki kufundishwa. Niliona tu wakubwa wakipunguza sauti kila tulipoikaribia chemchemi yetu chini ya mkuyu, nami nikapunguza yangu.

Kiangazi kimoja alikuja Mdachi kupima mfereji. Alitaka maji yashuke mpaka kwenye shamba la pamba ambalo watu walilazimishwa kulilima bondeni. Alisimamisha chombo cha miguu mitatu, akafumba jicho moja, akachungulia.

"Mwoneni, anakikonyeza kilima!" mama alisema. Tulicheka sote, naye akajishika kiuno, maana mimba yake ilikuwa kubwa.

Aliyemshikia kamba ya kupimia na kumtafsiria maneno alikuwa mtu wa Kilwa, mwembamba, mwenye kofia iliyofifia. Kigingi cha kwanza walikipiga pale pale maji yanapotoka mwambani, juu ya kidimbwi tulichochotea. Mfereji ukianzia hapo, maji yote yangekwenda kwenye pamba kabla ya kufika kidimbwini.

"Dada," yule mtu alimuuliza mama, "nyinyi mtachota wapi?"

"Mtoni, kule chini."

"Mlima wote huo, na hali hiyo?"

"Hali hii itakuwa imekwisha. Nitakuwa na mtoto mgongoni," mama alijibu, akacheka. Safari hii alicheka peke yake.

Jumbe wetu alimwambia Mdachi kwamba watu hawatachimba kabla maji hayajaulizwa, watakimbilia porini. Mdachi, ambaye wachimbaji walikuwa wameshamtoroka kwingine, aliinua mabega. Basi yaulizwe, na yakikataa, kigingi kitahamishwa.

Jioni bibi yangu, mzaa mama, alimimina unga wa mtama polepole kando ya kigingi mpaka ukachongoka kama paa la msonge. Aliomba kwa sauti ndogo, akaufunika kwa chungu kipya. Asubuhi ukikutwa umesimama, maji yamekubali. Ukikutwa umebomoka, yamekataa.

"Yakikubali, bibi?" nilimuuliza njiani.

"Tutashuka mtoni. Ukishauliza huwezi kuchagua jibu, mjukuu wangu."

Kulipokaribia kupambazuka mama alijifungua. Bibi hakuweza kumwacha, akanituma mimi maji. Nilipofika chini ya mkuyu nilimkuta mtu wa Kilwa amechutama, chungu amekiweka pembeni. Unga ulikuwa umesimama, ncha yake kali kama jana. Maji yalikuwa yamekubali. Nilimwona akilini mama akipanda mlima ule na mtungi kichwani, nikataka kulia.

Yule mtu aliutazama unga kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole kimoja, akausukuma taratibu, kama mtu anayejaribu kama uji umepoa. Ukamwagika upande. Akaufunika tena, akageuka, akaniona.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Mama amejifungua?"

"Mtoto wa kiume."

"Alhamdulillahi." Alichukua mtungi wangu, akaujaza, akanitwisha. Hakuniomba ninyamaze.

Jua lilipotoka wazee walifunua chungu. "Yamekataa!" Kigingi kikahamishiwa chini ya kidimbwi, tuchote kwanza sisi, pamba ipate yanayobaki. Jioni hiyo bibi alimimina unga mwingine hapo kilipohamia, na kesho yake ulikutwa umesimama. Kama kuna aliyeugusa huo, sijui.

Mfereji wenyewe haukuchimbwa. Vita vya Maji Maji vilianza huku kwetu, vigingi vikang'olewa pamoja na pamba, na wanaume wengi walioondoka hawakurudi. Kila aliyewafanyia Wadachi kazi alisakwa. Habari za mtu wa Kilwa sikuzipata tena.

Baada ya vita ilikuja njaa. Siku moja tulikuwa tunaosha ming'oko, mizizi ya kuchimba porini, pale kidimbwini, ndicho chakula tulichobakiwa nacho, na hapo ndipo nilipomweleza bibi nilichokiona. Nilidhani atakasirika, au atalia. Aliendelea kuosha.

"Kwani wewe," aliniuliza, "ulidhani maji yana vidole vyake?"

Sasa nami ni mama, na mwanangu wa kwanza bado ananyonya. Zamani nilijisumbua nikitaka kujua asubuhi ile ni nani aliyetuachia maji, mwenye chemchemi au mtu wa Kilwa. Huenda yule mtu hakuuamini unga wetu hata kidogo. Lakini aliona tunavyouheshimu, akathubutu, bwana wake akiwa amelala hemani hapo karibu. Angekamatwa angechapwa viboko, na pengine na wazee wetu pia.

Nikichota maji popote hushukuru kimoyomoyo. Shukrani hiyo inamfikia nani kati yao, nimeacha kuuliza.