Hewa ya Kizimba cha Baba

Mwaka 1971, nikiwa na miaka tisa, ziwa lilimchukua baba yangu na mtumbwi wake akitoka Nansio. Shule niliiacha hapo hapo, darasa la pili. Nasema mapema ili msinidai maneno ya wasomi.

Nilipoanza kufuga samaki, sato, kwenye vizimba vya nyavu ziwani, kila kizimba nilikipa jina la marehemu wa kwetu. Cha kwanza kilikuwa cha baba. Dhoruba ikakivunja, kikazama. Nikaunda kipya, nikakipa jina lile lile, kama tunavyowapa watoto majina ya waliotangulia.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ndiye aliyenifungia mitambo. Kila kizimba kina pampu ya kusukuma hewa majini. Kompyuta huziwasha kwa kusoma faili moja lenye fungu la kila kizimba: jina, saa ya chakula, kiwango cha hewa.

"Mjomba, hili fungu la kizimba kilichozama nilifute?"

"Jina la baba yangu halifutwi na mtu, mimi nikiwa hai."

Akaliacha, la kizimba kipya akaliandika chini yake.

Mwaka juzi maji yaligeuka kijani kizito, yakanuka. Upepo ukakata siku tatu. Samaki wakawa wanakuja juu kuhema. Mpwa wangu akasema pampu ziwake mapema, kipimo cha hewa majini kikishuka hadi nne, zisingoje mbili. Akaandika skripti, yaani maagizo ya kuifanya kompyuta ipite yenyewe kwenye faili, itafute kila jina na kuweka nne penye mbili. Jioni akaiendesha. Kufumba na kufumbua, imemaliza.

"Sasa mjomba, tupande boti tukahakikishe kizimba kimoja kimoja."

"Kwani imeandika nini?"

"Tayari."

"Basi. Neno hilo nililisoma darasa la pili."

"Mjomba, wewe watakuzika na huo ubishi wako."

"Huo ubishi wauzike pembeni, usije ukanibana."

Tukacheka. Ziwa halikutikisika hata kidogo.

Asubuhi nilisikia kelele za ndege kabla sijaona kitu. Kizimba cha baba kilikuwa cheupe kote, samaki matumbo juu, wale wale tuliopanga kuwavua wiki hiyo. Pampu yake ilikuwa inanguruma juu ya mizoga. Iliwaka kwenye mbili, imeshachelewa.

Mpwa wangu akafungua faili, akanionyesha. Skripti ilitafuta jina la baba, ikalikuta kwanza kwenye fungu la kizimba kilichozama, ikaweka nne, ikasonga mbele. Kilicholala chini ya ziwa ndicho kilichopangiwa hewa. Chenye samaki kikabaki na mbili.

Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

"Lifute," nikamwambia.

"Bonyeza wewe, mjomba."

Nikabonyeza.

Leo nina vizimba vitano vyenye samaki, na kimoja kitupu ambacho sijakipa jina. Nyumba ya tofali za kuchoma Buswelu. Duka la nyavu Mabatini. Kompyuta moja. Boti mbili, moja imeshawashwa, mpwa wangu yumo ananisubiri. Upepo umekata tangu jana.